Dawa ni Amana: Tusiitoboe Merikebu Tuliyopanda Wote



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi wa Osukuru, Malaba, Tororo na Busia zote mbili, leo naomba tuzungumze jambo lisilosemwa sana mimbarini. Nalo ni vidonge tunavyowapa watoto wetu.

Huku kwetu mpakani desturi inajulikana. Mtoto akipata joto usiku, asubuhi mzazi anakwenda duka la dawa na pesa ya vidonge vinne. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vinne, anavifunga katika kipande cha karatasi. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimsubiri ndugu yake. Bei ikiwa nafuu upande wa Kenya, tunavuka. Ikiwa nafuu upande wa Uganda, wenzetu wanavuka. Tunadhani tumebana matumizi, kumbe tunakula akiba ya watoto wetu.

Dawa za kuua bakteria, yaani antibaotiki, haziui malaria wala mafua. Zinaua bakteria tu. Na katika kundi kubwa la bakteria, huwa wamo wachache wanaoweza kuistahimili dawa. Dawa ikiwa haba, wanyonge wanakufa na wale sugu wanabaki, wanazaana, wanaenea. Mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel alionya kuhusu hatari hii ya kunywa dawa pungufu. Hatukusikia.

Ushahidi hauko mbali. Dkt. Samuel Kariuki, mtaalamu wa bakteria aliyekuwa katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, alifuatilia taifodi kwa miaka mingi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupima bakteria 102 wa taifodi waliotoka katika milipuko sehemu mbalimbali za Kenya. Katika hao 102, ni 14 tu waliokufa kwa dawa zote. Wengine 84 walikuwa sugu kwa dawa tano zilizokuwa zikipatikana kwa urahisi: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, streptomaisini, na ile tunayoiita Septrin. Watu wanane katika kila kumi, dawa tano, hakuna hata moja ya kuwafaa! Tena waligundua kuwa usugu huo ulibebwa katika kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake. Bakteria wa namna hiyo hasimami Malaba kuonyesha kitambulisho.

Na jambo hili ni la dunia nzima. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria.

Ndugu zangu katika imani, Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda merikebu, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Mimi nauona mfano huu dukani kila siku. Mwenye vidonge vinne anasema, "Ni mwili wangu, ni pesa yangu." Lakini tundu analolitoboa litamzamisha mtoto wa jirani, ambaye pengine hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Tunajua pia habari ya yule mtu aliyekuja kwa Mtume kwa ajili ya ndugu yake mwenye maradhi ya tumbo. Aliambiwa ampe asali. Akarudi kusema haijamsaidia, akaambiwa ampe tena, na tena, mpaka akapona. Imam Ibn al-Qayyim alieleza kwamba humo mna funzo la kipimo: dawa isiyofikia kiasi cha ugonjwa haiuondoi. Basi kutimiza dozi kama alivyoelekeza daktari si mambo ya wazungu. Ni elimu tuliyokuwa nayo.

Najua mtaniambia, "Ustadh, hospitali kuna foleni, dawa zimekwisha, na nauli hatuna." Ni kweli, na simlaumu mama asiye na kitu. Lakini tuhesabu pamoja. Vidonge vinne visipomponya mtoto, utanunua vinne vingine, kisha dawa nyingine ya bei kubwa, kisha sindano, na mwisho kulazwa. Nusu dozi ndiyo ghali kuliko zote. Naye mwenye uwezo asimwache mama huyo peke yake. Ndiyo maana napendekeza haya:

1. Kabla ya kununua antibaotiki, mtoto mwenye joto apimwe malaria. Wahudumu wa afya wa vijijini, VHT, wamefunzwa kupima kwa tone la damu.

2. Tusikimbilie kusema "ni taifodi" kwa kipimo cha Widal peke yake. Kinapima kinga ya mwili, si bakteria mwenyewe, hivyo aliyeugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara. Tuulize kama kinapatikana.

3. Kila kamati ya msikiti itenge fungu dogo la sadaka la kumalizia dozi ya asiyeweza. Fakiri na maskini wana haki yao hata katika zaka. Tunachanga mazulia, tushindwe kuchangia vidonge vya mtoto?

4. Ndugu zetu wenye maduka ya dawa, sitoi fatwa, hilo ni la masheikh. Lakini mnajua kuwa anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yake. Mkasi wenu utaulizwa.

5. Mabaki ya dawa yasigawiwe nyumba kwa nyumba, wala yasitiwe katika maji ya kuku.

6. Kinga ni bora. Mwaka 2015 taifodi ilizuka Kampala, watu zaidi ya 10,000 wakashukiwa kuugua, na chanzo kilikuwa maji machafu na vinywaji vya barabarani vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Dini yetu imetukataza haja katika maji yaliyotuama, njiani na vivulini. Basi tuchimbe vyoo, tuchemshe maji ya kunywa, na watoto wanawe kwa sabuni. Kenya ilianza chanjo ya taifodi Julai 2025 kwa kampeni ya watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Walio upande ule waulize kama watoto wao wanaweza kuipata.

Bakteria ambaye hajapata usugu ni neema, na neema isiposhukuriwa huondoka. Wazee wetu waliwazika watoto kwa magonjwa ambayo leo dawa moja yatosha kuyaondoa. Tusiwarudishe wajukuu huko kwa sababu ya vidonge vinne.

Ijumaa hii, baada ya swala, naomba kila kamati izungumze kuhusu lile fungu la dawa, hata kwa dakika kumi. Nasi walimu wa madrasa tuwafundishe watoto kunawa mikono kama tunavyowafundisha kutawadha.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe taufiki. Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.