Vazi la Chumbani

Dada zangu wa chama mmeniuliza: nguo za ndani na za kulalia mtakazozishona kwa nembo yenu zifuate mtindo gani, ilhali fedha zatosha mtindo mmoja tu? Biashara ni halali, na mke kujipamba kwa mumewe ni jambo jema. Sura ya An-Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, adhuhuri na baada ya isha. Nguo ya nyakati hizo haina haja ya kumvutia mpita njia. Satini ya poliesta hung'aa dukani, lakini kwa joto la Mombasa haifyonzi jasho. Chagueni pamba nyepesi, laini kama leso iliyofuliwa mara nyingi, na nakshi kidogo shingoni. Picha za matangazo zipigwe nguo ikiwa imekunjwa, pasi na mvaaji.