Joto la Usiku Si Malaria Daima

Askari hufundishwa kumtambua adui kabla ya kufyatua risasi. Sheria hiyo yafaa nyumbani pia. Hapa Bujumbura, kando ya ziwa Tanganyika, malaria imetuzoesha kutoa hukumu ya haraka. Mama wa miaka 48 akiamka usiku ametota jasho, hununuliwa vidonge vya malaria. Joto likirudi, hununuliwa vingine. Likirudi mara ya tatu, minong'ono ya uchawi huanza, na mume hulalamika kambini kwamba mkewe amebadilika.

Mara nyingi hapo hapana adui. Ni kukoma kwa hedhi, jambo la maumbile ambalo wanawake wengi hulifikia kati ya miaka 45 na 55, pale homoni ya estrojeni inapopungua mwilini. Hedhi hupoteza mpangilio wake, joto hupanda ghafla kifuani na usoni, usingizi hukatika, hasira au huzuni huja bila kuitwa, na ukavu ukeni huweza kulifanya tendo la ndoa kuwa maumivu. Mume asiyejua hayo hudhani amechukiwa, na nyumba ngapi zimevunjika kwa dhana hiyo!

Basi tupime kwanza. Kila penye homa, damu ipimwe malaria kabla ya kumeza dawa. Jasho la usiku likiandamana na kikohozi au kukonda, kifua kikuu kichunguzwe. Mwanamke aliyepita miaka 45 kwa kawaida hahitaji kupimwa homoni: umri na dalili zake humtosha daktari. Akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine, amefika ukomo; kabla ya hapo mimba bado yawezekana. Lakini hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, au damu ikitoka baada ya ukomo, aende hospitali bila kukawia, kwani damu hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani.

Tiba ipo. Homoni hutuliza joto na kulinda mifupa, ila mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, bali pamoja na projestojeni. Aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda mishipani kwa kawaida hapewi. Kwake zipo dawa zisizo za homoni. Kwa hiyo dawa hizi zisinunuliwe kwa kubahatisha. Na kwa ajili ya mifupa, ndagala wa ziwa letu, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, pamoja na matembezi ya kila siku, ni msaada.

Jambo hili halihusu wake zetu peke yao. Dada aliyeingia jeshini au polisi akiwa na miaka 25, mwaka 2005, wakati vikosi vipya vilipokuwa vikijengwa baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, sasa amekwisha kuvuka 40. Kamanda anayempa maji, kivuli na ruhusa ya kumwona daktari hamdekezi. Anamtunza askari mwenye uzoefu.

Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge si ya majeruhi peke yao. Twatoa wito kwa kila mume mwenye sare: usimhukumu mwenzio kwa jasho lake. Fuatana naye kwa daktari, mkasikilize pamoja.