Wembe wa Mtumba

Mwenzetu mmoja wa hapa Gombani ameleta barazani wembe wa kukunja alioununua Chake Chake kwa shilingi elfu tano, umeshika kutu, akatuuliza kama yafaa kuufufua. Hatukumjibu upesi, kwani mshahara wa karani hautoshi kununua kitu kimoja mara mbili.

Kwanza twatazama makali, si jina. Solingen ni jina jema, nalo limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, walakini tumeona nyembe zenye jina hilo zilizokwisha kuharibika. Kutu ikiwa mgongoni, itasuguliwa itoke. Ikiwa imekula vishimo kwenye makali, au pana ufa japo mwembamba kama unywele, basi uachwe. Kila ukinolewa utamomonyoka, na mashavu ndiyo yatakayolipa. Wa mwenzetu una madoa ya mgongoni tu. Twaona ufufuliwe.

Lakini ahesabu pia jiwe laini la kunolea na ukanda wa ngozi, ambavyo vyaweza kuzidi bei ya wembe wenyewe. Asiyekuwa navyo nyumbani, heri aende kwa kinyozi.

Jambo moja hatulipitishi. Wembe huu umepita mashavu tusiyoyajua, na homa ya ini husafiri katika damu kidogo mno isiyoonekana kwa jicho. Mpini wa pembe utolewe kwanza, maana maji ya moto huupinda. Chuma kichemshwe dakika 20, kisha kikaushwe papo hapo. Baada ya hapo ni wake peke yake. Aliposema atawaazima wenzake wa ofisini kila Ijumaa, tulimkatalia sote.