Wazee Wanaoanguka Wasiachwe

Mzee anapoanguka ghafla uani, jamaa husema, "Ni uzee." Wengine humtafuta mchawi. Kauli zote mbili ni za hatari, kwani humchelewesha mgonjwa kufika hospitali.

Ni kweli kwamba mzee huweza kuzirai kwa sababu nyingi, kama vile upungufu wa maji mwilini au dawa za shinikizo la damu. Lakini wako ambao mioyo yao hupiga polepole mno, au husita kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa njia za umeme wa moyo zimechakaa. Damu haifiki ubongoni ya kutosha, naye huanguka. Mgonjwa wa namna hiyo huwekewa betri ya moyo: chombo kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye waya ufikao moyoni, kinachoushtua moyo upige unapochelewa. Arne Larsson, mtu wa kwanza kuwekewa chombo hicho, mjini Stockholm mwaka 1958, aliishi hadi mwaka 2001.

Tiba hiyo hutolewa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini kutoka Tunduma hadi huko ni zaidi ya kilometa 900. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi, nauli, malazi na gharama ya chombo ni mzigo usiobebeka.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua haki ya wazee kutibiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Sera na sheria hazina budi kuonekana vijijini, si makabatini. Zahanati za Mkoa wa Songwe zihesabu mapigo ya kila mzee aliyezirai, kwa dakika nzima. Hospitali za wilaya zipime umeme wa moyo na kutoa rufaa mapema. Bima nayo ibebe gharama ya betri.

Walimu na watumishi wa umma, ninyi ndio mnaosikilizwa vijijini. Waelezeni wananchi kwamba kuzirai si uzee wala si uchawi.

Kati ya mwaka 1970 na 1975 wapo vijana wa wakati ule walioshika sururu kujenga Reli ya Uhuru kupitia Tunduma. Leo ni wazee. Walitujengea njia ya kufika Dar es Salaam. Itakuwa aibu yetu sote wakishindwa kufika huko kutibiwa.