Ramani ya Kilosa Ianze na Mto Mkondoa
Mji wa Kilosa, uliokua kando ya Mto Mkondoa kwanza katika njia ya misafara ya kwenda bara na baadaye, Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kati ya 1905 na 1914, kama mji wa stesheni na mkonge, sasa umefikiwa na reli ya kisasa, ambayo tangu 2024 hupitisha treni za Dodoma katika mahandaki ya milima yake.

Bei ya viwanja Kilosa ikipanda kwa sababu ya reli hiyo, kutakuwa na kishawishi cha kupima hata uwanda wa mafuriko, yaani ardhi tambarare ambayo mto huitwaa maji yanapozidi, ilhali mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba na kuharibu reli, si habari ya kale. Wazee wa mitaa wanajua maji yalifika wapi. Halmashauri ya Wilaya iingize kumbukumbu zao katika mpango wa mji kabla ya kugawa kiwanja kingine chochote kandokando ya Mkondoa.