Wayahudi wa Mbale ni Jirani Zetu

Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979, siku Kampala ilipotwaliwa na JWTZ pamoja na wapiganaji wa Uganda, Wayahudi duniani kote walikuwa wanaingia katika Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka walivyotoka utumwani Misri. Kwa Watanzania tarehe hiyo ni ya Vita vya Kagera. Kwa Abayudaya, Wayahudi weusi wa vilima vya Mbale mashariki mwa Uganda, ndiyo siku ulipoanguka utawala uliowanyima kusali. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa na vitabu vikafichwa. Waliong'ang'ania imani walisali kwa siri majumbani, na wengi wakabadili dini ili waishi salama. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na mia chache. Sidhani kama askari wetu wengi walikuwa na habari za watu hawa, lakini damu iliyomwagika iliwafungulia na wao. Ndiyo maana nasema habari yao inatuhusu.

Hawakuletwa na meli wala mmisionari. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha akakosana nao, aliisoma Biblia, akaridhika na sheria za Musa, akatahiriwa yeye na wanawe. Wafuasi wake wakabaki nazo hata alipofariki mwaka 1928. Kwa miaka 80 iliyofuata waliongozwa na wazee wao wenyewe, bila mtu wa kwao aliyesomea urabi.

Aliyekuja kuijaza nafasi hiyo ni Gershom Sizomu, mtoto aliyekulia katika miaka ya marufuku. Akiwa kijana alikuwa miongoni mwa waliokusanyika tena katika kilima cha Nabugoye na kuifufua jamii. Baadaye akaenda Los Angeles, kwenye Shule ya Ziegler, akahitimu urabi mwaka 2008. Rabi mwenye elimu ya Marekani hakosi mahali pa kuishi vizuri. Yeye alirudi Nabugoye.

Tazameni alichokijenga na wenzake. Ijumaa jioni Sabato hupokewa kwa gitaa na ngoma, zaburi zikiimbwa kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Wanaume huvaa kofia za kufuma zenye rangi nyingi, ambazo mtu wa Pwani akiziona kwa mbali atadhani ni watu wanaokwenda maulidini. Wanawake hawakutengwa nyuma ya pazia; wanaisoma Torati mbele ya wote. Shule ya Msingi Hadassah na sekondari iliyopewa jina la Kakungulu zinapokea watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Kituo chao cha afya mjini Mbale hakimuulizi mgonjwa dini yake, na malaria nayo haiulizi. Mwaka 2016 Sizomu aligombea ubunge wa Bungokho Kaskazini, akashinda. Kura za Wayahudi peke yao zisingemfikisha popote. Waliompeleka bungeni ni majirani Wakristo na Waislamu, na mimi nawapa hao heshima sawa na ninayompa rabi.

Jirani yake katika imani, J. J. Keki, mkulima wa kahawa, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku magaidi waliposhambulia jiji hilo. Aliporudi nyumbani alipita mlango kwa mlango akiwaomba wakulima wa dini zote tatu waunde ushirika mmoja. Mwaka 2004 ukaanza, kwa jina la Mirembe Kawomera, Amani Tamu, na uongozi wake ukagawanywa kati ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Buni zao huchanganywa kwenye gunia moja. Anayekunywa kahawa hiyo hawezi kujua ipi ilichumwa na Muislamu na ipi na Myahudi.

Pamoja na hayo yote, watu hawa hawaachi kuhojiwa. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa kumtambua mmoja wao aliyetaka kuhamia huko. Wakija kwetu wanakutana na swali lile lile kwa upande wa pili: Mwafrika gani huyu, Myahudi? Kule ngozi yao inatiliwa shaka, huku dini yao inatiliwa shaka. Inaniuma, kwa sababu sisi tunajua vizuri adha ya kudaiwa ushahidi wa utu wetu kila tunapovuka mpaka.

Na tangu vita vya Gaza vianze, kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kila mtu ana haki ya kuilaani serikali ya Israeli, na uchungu wa wengi wetu kwa Wapalestina ni wa kweli. Lakini mkulima wa Nabugoye si balozi wa serikali yoyote. Kumrushia maneno sokoni kwa ajili ya mabomu yanayoangushwa mbali naye ni dhuluma, kama ilivyo dhuluma kumtukana Muislamu wa Tanga kwa vitendo vya magaidi asiowajua.

Kwa hiyo nawaomba. Walimu wa historia, mnapofundisha Vita vya Kagera, watajeni na Abayudaya. Mashehe, maaskofu na wachungaji, mnapoandaa vikao vya dini mbalimbali hapa Afrika Mashariki, mwalikeni na rabi wa Mbale, na msiwasahau Wayahudi wachache wa Kasuku, Nyandarua, kule Kenya, ambao hata Wakenya wengi hawawajui. Wazazi, mtoto akirudi shuleni na matusi ya Wayahudi aliyoyaokota mtandaoni, msicheke, kaeni naye. Nawe unayekwenda Mbale kwa kazi au biashara, waandikie kwanza, kisha panda Nabugoye Ijumaa jioni. Vaa kwa heshima, simu iache mfukoni kwa kuwa Sabato si siku ya kupiga picha, na usimuulize mtu yeyote pale amekuwaje Myahudi. Msalimie, kaa, sikiliza wanavyosali.