Safari ya Kusini Huanzia Birongo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tangu Januari 2023, Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Hiyo ni heri kwa wasomi wa Kiswahili, kwani mnamo 2018 taifa hilo lilitangaza kwamba lugha hii ingekuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020. Hata hivyo, kijana wa Birongo anayedhani kuwa pasipoti pekee yatosha anajidanganya. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano bado chahitajika, na chanjo yenyewe hudungwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Asiye nacho aweza kurudishwa mpakani, na nauli ya wazazi waliouza chai na ndizi ikapotea bure. Isitoshe, Julai huko ni majira ya baridi.

Vyama vya Kiswahili vyuoni, basi, viwafunze wanachama mambo haya kabla ya kuwahimiza kusafiri. Lugha nayo ni sehemu ya matayarisho: Mgusii asemaye “omonto” hatataabika kuing'amua “umuntu” ya Kizulu. Ainame mapema, angali nyumbani.